UZI: Tulisaini makubaliano ya talaka mbele ya msuluhishi, miezi mitano baadaye yamevunjika. Tulikosea wapi?

#1 Tumaini la Kesho
Wakuu, salaam.

Nimeachana na mwenzangu baada ya miaka 11 ya ndoa. Hatukutaka kuvuana nguo mahakamani, tukakubaliana twende kwa msuluhishi. Tulikaa vikao vinne, kila kimoja kama saa mbili. Nyumba ibaki kwake na watoto mpaka mdogo atimize miaka 18. Mimi nilipe ada na nusu ya matumizi. Mkopo wa nyumba aulipe yeye, kwa sababu ndiye anayekaa humo. Watoto waje kwangu wikiendi moja, wabaki kwake inayofuata. Tukasaini, tukapeana mikono. Siku ile nilitoka mle ndani kama mtu aliyetuliwa tita la kuni kichwani.

Leo hakuna kinachokwenda. Wikiendi zimekuwa "wakitaka wenyewe". Mkopo haujalipwa miezi miwili na benki inanipigia simu mimi. Nikiuliza, naambiwa "ulinishinikiza nisaini". Sikumshinikiza. Au labda nilifanya hivyo bila kujua, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nawajua watu wawili walioachana kwa njia hii hii na leo wanakaa safu moja kwenye mahafali ya mtoto wao. Kwa nini kwa wengine usuluhishi unashika na kwa wengine unamomonyoka?

#2 Mpita Njia
Pole mkuu. Naweka kambi hapa, nami nina kikao cha kwanza mwezi ujao.

#3 Nahodha
Tatizo linaanzia kwenye neno. Ukimwambia mtu "twende kwa msuluhishi" anasikia kupatana, kurudiana, yaishe. Hivyo ndivyo tulivyolelewa kulisikia. Sasa mmoja anaingia pale akijua anakwenda kugawana vyombo, mwenzake anaingia akitumaini kuambiwa "rudini nyumbani". Anasaini kila kitu kwa upole kwa sababu anadhani upole wake utaonekana. Siku anayogundua kwamba ilikuwa kweli, ile karatasi anaiona kama mtego.

Muulize mwenzako alikwenda pale kufanya nini. Utashangaa.

#4 Kalamu Nyeusi
Nahodha kagusa penyewe, na sheria nazo zimechangia mkanganyiko huo. Chukua Tanzania. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inasema huwezi kupeleka maombi ya talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hati hiyo iwe haijapita miezi sita tangu itolewe. Pale lengo ni kuiokoa ndoa. Baraza likishindwa ndipo mlango wa talaka unafunguka.

Usuluhishi anaouzungumzia mleta uzi ni kitu kingine. Ndoa imekwisha, wahusika wanatafuta namna ya kuachana bila kuumizana. Kenya kwa mfano, usuluhishi ulio chini ya mahakama ulianza kwa majaribio mwaka 2016 jijini Nairobi, kwenye vitengo vya familia na biashara vya Mahakama Kuu. Kwenye majaribio hayo mlikuwa mnapewa siku 60, zikiweza kuongezwa 10. Mkikubaliana, karatasi inarudi mahakamani na kuwa amri.

Mkuu, sijui uko nchi gani, lakini swali langu ni moja. Baada ya kusaini, mliipeleka wapi ile karatasi?

#5 Tumaini la Kesho
Hatukuipeleka popote. Ipo kwenye bahasha, kabatini. Msuluhishi alisema tunaweza kuisajili, tukaona kama vile kufanya hivyo ni kutoaminiana.

#6 Kipimapembe
Basi jibu umeshalipata, uzi ufungwe. Karatasi isiyo na muhuri wa mahakama ni barua ya mapenzi.

#7 Kalamu Nyeusi
Hapana Kipimapembe, usimvunje moyo. Makubaliano yaliyosainiwa kwa hiari yana uzito, na anaweza kuyapeleka mbele ya hakimu kama ushahidi wa walichokubaliana. Anachokosa ni njia ya mkato. Amri ya mahakama ikivunjwa unaomba itekelezwe. Makubaliano ya kabatini yakivunjwa unaanza kuthibitisha kwanza kwamba yapo na kwamba hakuna aliyelazimishwa. Hapo ndipo lile neno "ulinishinikiza" linapata meno.

Na yale yanayohusu watoto, hata mngesajili, hakimu anaangalia kwanza maslahi ya mtoto. Wazazi hawawezi kusaini wakamfunga mikono.

Kuhusu mkopo, hili watu wengi hawalijui. Kama jina lako lipo kwenye mkataba wa benki, makubaliano yenu wawili hayaihusu benki. Haikuwepo kwenye kile kikao. Mlikubaliana yeye alipe, sawa, lakini kwa benki nyote bado ni wadaiwa. Ilibidi mkopo uhamishiwe kwake kwa ridhaa ya benki, au nyumba iuzwe, au iandikwe kitatokea nini akikosa kulipa miezi kadhaa.

#8 Mama Wawili
Naomba nizungumze kwa niaba ya upande ambao haupo kwenye uzi huu, maana nimekuwa yeye.

Mimi nilisaini kwa kuchoka. Hakunipiga, hakunitisha. Lakini katika ndoa yetu yeye ndiye aliyeshika mahesabu yote. Alikuja na faili lenye vigawanyo vya rangi, mimi nilikuja na mkoba. Kila jambo lililotajwa alikuwa na karatasi yake. Msuluhishi alikuwa mtu mwema, alituuliza sote kwa usawa, "mnakubali?" Mimi nitakataa nini wakati sijui hata kiasi kilichopo? Kikao cha tatu nilikuwa nasubiri tu kiishe niende kulala. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Ile ndiyo yangu ilinichukua mwaka mzima kuielewa. Nilipoanza kufanya mahesabu mwenyewe nikaona nimeachia fungu la akiba ya kustaafu ambalo sikujua hata kama lilikuwepo. Kwa hiyo, kaka yangu Tumaini, ukiniambia "sikumshinikiza" nakuamini kabisa. Lakini jiulize: nani kati yenu alijua tarakimu?

#9 Tumaini la Kesho
Mimi.

#10 Upepo wa Kusi
Duh. Jibu la neno moja na uzi mzima umenyamaza.

Mimi nasema kosa ni la msuluhishi. Analipwa kukaa katikati, na katikati si kuuliza "mnakubali?" tu. Angesimamisha kikao akasema nataka taarifa za akaunti zote, madeni yote, hati zote, zikae mezani wiki mbili kabla hatujagawana hata kijiko.

#11 Kipimapembe
Upepo, na wewe ungelipa bili ya hizo wiki mbili? Watu wanakwenda kwa msuluhishi kukimbia gharama na muda.

#12 Upepo wa Kusi
Kipimapembe wewe kila kitu unapima kwa bili, ndiyo maana jina lako ni la vifaa vya hesabu 😄 Kuharakisha kumemgharimu mleta uzi nini? Soma #1 tena.

#13 Mtafiti Huru
Nataka tuweke utafiti mezani, maana tunaongea kama vile hakuna aliyewahi kupima.

Robert Emery, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alichukua familia 71 zilizokuwa zinakwenda mahakamani kugombea watoto. Kwa bahati nasibu, wengine wakapelekwa kwa msuluhishi, wengine wakaendelea na kesi. Usuluhishi wenyewe ulikuwa wa saa chache tu, kwa wastani tano au sita. Miaka 12 baadaye akawarudia. Kwa waliosuluhishwa, asilimia 28 ya wazazi wasiokaa na watoto walikuwa wanawaona kila wiki. Kwa waliokwenda kwenye kesi ilikuwa asilimia 9.

Saa tano au sita, na baada ya miaka 12 tofauti bado inaonekana. Kwa hiyo kusema usuluhishi ni barua ya mapenzi si haki.

#14 Mama Wawili
Asante Mtafiti. Na walioridhika zaidi ni kina nani, kina baba au kina mama?

#15 Mtafiti Huru
Swali zuri, na sitalikwepa. Kina baba waliokwenda kwa msuluhishi waliridhika kuliko wenzao wa mahakamani. Kwa kina mama tofauti hiyo haikuonekana hivyo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba enzi hizo kina mama walikuwa wanashinda kesi nyingi za watoto mahakamani, kwa hiyo usuluhishi haukuwaongezea walichokuwa nacho tayari.

Hoja yako ina wenyewe pia. Mwaka 1991 Trina Grillo, mwalimu wa sheria Marekani, aliandika kupinga usuluhishi wa lazima kwa sababu inayofanana na ya kwako: asiye na nguvu ndani ya ndoa hapati nguvu kwa kuhamishiwa kwenye meza ya duara. California ilikuwa imeufanya wa lazima kwa migogoro ya watoto tangu 1981.

#16 Jani Kavu
Mbona hata Uingereza ni lazima msuluhishwe kwanza ndipo mruhusiwe kwenda mahakamani? Wenzetu wanaona mbali.

#17 Kalamu Nyeusi
Jani Kavu, sivyo hasa. Tangu Aprili 2014, England na Wales, mwenye kutaka kufungua shauri la watoto au mali baada ya kutengana anatakiwa kwanza kuhudhuria mkutano wa kuelezwa usuluhishi ni nini na kama unamfaa. Kusuluhishwa kwenyewe ni hiari. Na walionyanyaswa nyumbani wana msamaha hata wa mkutano huo.

Norway ndiko wenye watoto chini ya miaka 16 wanapaswa kwenda kwa msuluhishi, walau saa moja, na hata pale halazimishwi mtu kukubaliana. Australia nao tangu mageuzi ya 2006 wanadai cheti cha kuonyesha mmejaribu kabla ya kesi ya watoto, isipokuwa kuna ukatili au dharura.

#18 Shahidi wa Pili
Hapo kwenye ukatili naomba tusimame.

Dada yangu alipelekwa mezani na mtu aliyekuwa anampiga. Kila alipofungua mdomo alikuwa anatazama kwanza uso wa yule bwana. Msuluhishi hakuona, kwa sababu hakuna kilichosemwa. Bwana alikuwa mtulivu, anatabasamu, anamwita "mama watoto". Dada akakubali watoto walale kwake siku nne. Alipotoka nje alitapika.

Mkataba wa Istanbul wa Baraza la Ulaya, ibara ya 48, unazitaka nchi zikataze usuluhishi wa lazima kwenye ukatili wa aina hiyo. Waliouandika walijua wanachosema. Kabla ya kikao cha kwanza kila mmoja aitwe peke yake, aulizwe: unamwogopa? Akisema ndiyo, au akikaa kimya muda mrefu, meza ikunjwe.

#19 Mpita Njia
Shahidi, pole yako na ya dada. Nimeandika hilo swali. Nitamuuliza msuluhishi wetu kama huwa analiuliza.

#20 Bi Mkongwe
Hamjambo wanangu. Nimekalia kiti hicho cha katikati miaka mingi, sasa nimepumzika. Upepo wa Kusi, lawama yako naipokea, si yote.

Wengi wamesema mali, karatasi, nguvu. Yote kweli. Lakini kilichonivunjia makubaliano mengi kuliko vyote ni saa. Talaka haianzi siku moja kwa watu wawili. Mmoja ameshaondoka moyoni miaka mitatu iliyopita. Amelia, amekwisha, amepanga hata rangi ya mapazia ya nyumba mpya. Mwenzake ameambiwa mwezi uliopita. Unawaweka meza moja, unadhani ni watu wawili wenye tatizo moja, kumbe mmoja yuko kwenye hesabu na mwingine bado yuko msibani. Aliyefiwa jana hagawi mirathi leo.

Nilipoona hivyo nilikuwa naandika makubaliano ya muda tu. Miezi mitatu: watoto wanalala wapi, nani analipa nini, basi. Nyumba tusiiguse. Wakirudi baada ya hiyo miezi mitatu nakuta watu wengine kabisa. Mara nyingine yule aliyekuwa analia ndiye aliyekuja na kalamu.

Na jambo la pili. Nilikuwa nawatenganisha, nakaa na kila mmoja chumba chake. Mtu akiwa peke yake na wewe, umemhakikishia kwamba hutabeba neno lake bila ruhusa, ndipo anasema: "Bi, mimi sitaki ile nyumba. Ninachotaka akiri kwamba alinidanganya." Ukishajua hilo, vikao viwili vya kugombea nyumba vinaisha kwa sentensi moja ya kuomba radhi. Asipoomba, hata ukimpa nyumba mbili, atavunja.

#21 Nahodha
Shikamoo Bi Mkongwe. Uliyosema yamenikaa. Ila mimi bado nashikilia kwamba hata wenye roho safi wanavunja makubaliano yaliyoandikwa ovyo. "Wikiendi moja baada ya nyingine" inaanza lini? Ijumaa baada ya shule au Jumamosi asubuhi? Nani anawafuata? Mtoto akiwa na homa anabaki alipo au anakwenda? Sikukuu ikiangukia wikiendi ya mwenzako? Mtu hana nia mbaya, lakini kila Ijumaa mnalazimika kujadiliana upya, na kila mjadala ni kidonda kinachotoneshwa.

Yangu ya kwanza yalikuwa nusu ukurasa, yalidumu miezi minne. Ya pili kurasa saba, mwaka wa sita huu. Watu wale wale, roho zile zile.

#22 Bi Mkongwe
Marahaba mwanangu. Kurasa saba nakubali. Lakini kati ya ya kwanza na ya pili ulipita muda gani?

#23 Nahodha
Mwaka mmoja na nusu. Naona unakonipeleka Bi 😅 Lakini kurasa pia!

#24 Kipimapembe
Turudi kwenye mali. Kama sheria ingesema kila mtu nusu, nani angehitaji msuluhishi? Tanzania Mahakama ya Rufani ilishaamua tangu 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango, mke akapewa nusu yake.

#25 Kalamu Nyeusi
Nusu ya kwanza sahihi, ya pili si kweli. Uamuzi ule ulikubali kwamba kazi za nyumbani zinahesabika kama mchango wa kupatikana mali, na hilo lilikuwa jambo kubwa sana. Lakini mama yule mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe awali na akazitumia vibaya. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akatoka mikono mitupu. Kenya nako, Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe, kila mmoja aonyeshe mchango wake.

Ndiyo maana watu wanasuluhishwa: hakuna anayejua hakimu atampa nini. Anayekwenda mezani bila kujua mahakama ingeweza kumpa kiasi gani anajadiliana gizani. Wote wawili wapate ushauri wa wakili, kila mmoja wake, kabla ya kusaini.

#26 Upepo wa Kusi
Nilijua tu wakili atamaliza kwa kutupeleka kwa wakili.

#27 Kalamu Nyeusi
Saa moja ya ushauri, Upepo, si kesi ya miaka mitatu. Soma tena #8, akiba ya kustaafu.

#28 Tabasamu la Jioni
Sijawahi kuolewa, mimi nilikuwa mtoto kwenye hadithi kama hii. Nilikuwa na miaka 13. Wazazi wangu walisuluhishwa vizuri sana, kila mtu alikuwa anawasifu. Hawakugombana hata siku moja mbele yetu. Lakini ratiba yao ilinitoa kwenye timu ya mpira wa kikapu, kwa sababu mazoezi yalikuwa Jumamosi na Jumamosi nilikuwa naishi mbali. Hakuna aliyeniuliza. Nilianza kukataa kwenda kwa baba na baba akaamini mama amenijaza maneno. Mama hakusema lolote. Ulikuwa ni mpira tu.

Kaka Tumaini, hiyo "wakitaka wenyewe" inayokuuma, una hakika haitoki kwa watoto?

#29 Shahidi wa Pili
Swali hilo lina pande mbili. Kuna mzazi anayejificha nyuma ya mtoto pia.

#30 Tabasamu la Jioni
Kweli. Ila ataanzia wapi kujua, kama si kwa kuwauliza? Kwa upole, na si kama shahidi.

#31 Mtafiti Huru
Kuna wasuluhishi wanaokubali kumsikia mtoto kupitia mtaalamu, peke yake, kisha wazazi wanaletewa alichotaka wakijue na wanaendelea kuamua wao. Mtoto hachagui upande, anasema tu "Jumamosi nina mazoezi".

#32 Jani Kavu
Mimi naona bado ni suala la imani. Hata Qur'ani, An-Nisaa aya ya 35, inataka mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Ndugu wanajua undani. Mgeni mwenye cheti anajua nini?

#33 Bi Mkongwe
Aya ile, mwanangu, inazungumzia wanaotaka kupatana, ni kabla ya kuachana. Ndugu wema ni neema, nimewahi kuokolewa kikao na shangazi mmoja aliyesema maneno mawili tu. Nimewahi pia kukiua kikao kwa kumruhusu kaka mtu aingie. Ndugu ana kumbukumbu ndefu kuliko wanandoa wenyewe.

#34 Tumaini la Kesho
Nimesoma yote, mara mbili. Asanteni.

Jana nilimpigia. Nilianza na swali la Nahodha: ulikwenda pale kufanya nini? Alinyamaza, akasema alijua ni talaka, ila alitaka iishe kabla sijabadilisha mawazo kuhusu nyumba. Kwa hiyo Nahodha, kwake yeye haikuwa hivyo. Nikamuuliza kuhusu mkopo. Alikuwa hajui marejesho ya mwezi ni kiasi gani. Nilimtajia kikaoni, anasema nilitaja haraka, na karatasi zote zilikuwa mbele yangu. Mama Wawili, nilikukumbuka hapo.

Watoto sijawauliza bado.

#35 Kipimapembe
Basi Mama Wawili kashinda.

#36 Nahodha
Au Bi Mkongwe. "Kabla sijabadilisha mawazo" ni mtu mwenye hofu, hajakaa sawa. Na bado hamjaniambia wikiendi inaanza saa ngapi.

#37 Kalamu Nyeusi
Vyovyote iwavyo, zungumza na benki wiki hii, kabla deni halijazaa. Kisha rudini kwa msuluhishi mkiwa na taarifa zote, mwenzako awe nazo siku kumi kabla ya kikao. Safari hii isajilini.

#38 Mama Wawili
Na umpe nakala ya faili, kaka. Lote, pamoja na kurasa unazoona hazina maana.

#39 Tumaini la Kesho
Nimelipeleka leo jioni, nakala ya kila kitu. Mkubwa ndiye aliyenifungulia mlango. Nikamuuliza Jumamosi huwa anafanya nini. Ana kwaya, saa nne asubuhi, tangu mwezi wa pili. Nilikuwa sijui.

#40 Mpita Njia
Kikao changu kimesogezwa, mimi ndiye niliyeomba. Nimemwomba mwenzangu tuonyeshane akaunti kwanza. Kakubali, ila anauliza nani kanifundisha.